Tommy Douglas, mchungaji wa Weyburn: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mjadala wa bima ya afya kwa wote ukipamba moto, uwe Dodoma au Nairobi, hakosi mtu wa kusema, "Mbona Kanada watu wanatibiwa bila kutoa hela mlangoni?" Ukimuuliza nani aliyewaanzishia, atakutajia jina moja tu: Tommy Douglas. Jina hilo ni sahihi, ila habari yenyewe ni ndefu kuliko jina. Haya hapa maswali ninayokutana nayo mara nyingi kumhusu, na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana utamu, mengine hayahitaji zaidi ya sentensi mbili.

Kwa kifupi, Tommy Douglas alikuwa nani?

Thomas Clement Douglas alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1904 huko Falkirk, Scotland, na kufariki tarehe 24 Februari 1986 mjini Ottawa. Alikuwa mpiga chapa, bondia, mchungaji wa Kibaptisti, kisha mwanasiasa. Aliongoza serikali ya jimbo la Saskatchewan kuanzia 1944 hadi 1961, na serikali hiyo ndiyo ya kwanza ya kisoshalisti kuchaguliwa popote Amerika ya Kaskazini. Mwaka 2004 televisheni ya taifa, CBC, iliwaomba Wakanada wampigie kura Mkanada mkuu kuliko wote. Wakamchagua yeye, akiwa amelala kaburini miaka 18.

Aliongoza jimbo tu? Huyo si ni kama gavana wa kaunti?

Si hasa. Kanada ina majimbo 10, na kila jimbo lina bunge lake, baraza lake la mawaziri na waziri mkuu wake, mbali na waziri mkuu wa nchi anayekaa Ottawa. Waziri mkuu wa jimbo hapigiwi kura moja kwa moja kama gavana wa Kenya. Yeye ni mbunge kama wenzake, ila ndiye kiongozi wa chama chenye wabunge wengi. Akipoteza wingi bungeni, kazi imekwisha.

(Msomaji wa Tanzania asichanganyikiwe: hapa nikisema "jimbo" nakusudia Saskatchewan nzima, nchi kubwa ya tambarare, siyo eneo la uchaguzi la mbunge mmoja.)

La kukumbuka ni kwamba kwa katiba ya Kanada, hospitali na shule ni mambo ya jimbo. Ndiyo maana mtu wa mji mdogo wa wakulima wa ngano aliweza kubadili matibabu bila kusubiri ruhusa ya Ottawa. Fedha ndiyo ilikuwa kikwazo, na hilo nitalirudia.

Mtoto wa Scotland alifikaje Kanada?

Baba yake alikuwa fundi wa kusubu chuma na mkongwe wa Vita vya Makaburu. Familia ilihamia Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba, Tommy akiwa mtoto mdogo. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka baba alikwenda vitani, mama akawarudisha watoto Glasgow, na vita vilipokwisha wakarejea tena Winnipeg.

Walirejea na kukuta mji unatokota. Mwaka 1919 wafanyakazi wa Winnipeg walifanya mgomo mkuu uliosimamisha karibu kila kitu. Tarehe 21 Juni, Tommy akiwa na miaka 14, alipanda juu ya paa na mwenzake wakawaona polisi wa farasi wakivamia umati na kufyatua risasi. Watu wawili walipoteza maisha. Siku ile inaitwa Jumamosi ya Damu mpaka leo.

Ni kweli nusura akatwe mguu?

Kweli. Na kama unataka kujua siasa zake zilitoka wapi, anzia hapa, maana yeye mwenyewe alikisimulia kisa hiki mpaka uzeeni.

Kabla ya kuhama Scotland alianguka akaumia goti. Kidonda kikaingia kwenye mfupa, mfupa ukaoza. Hapakuwa na antibiotiki zama hizo, kwa hiyo ilikuwa ni kukwangua mfupa, kungoja, kukwangua tena. Winnipeg hali ikawa mbaya. Wazazi hawakuwa na pesa za kumlipa daktari bingwa, mtoto akalazwa wodi ya maskini, na uamuzi ukatoka kwamba mguu ukatwe.

Siku hizo alipita daktari wa mifupa aliyeitwa Smith akifundisha wanafunzi. Akautazama ule mguu, ukamvutia kama mwalimu anavyovutiwa na mfano mzuri wa somo. Akawaambia wazazi: nitamfanyia upasuaji bila malipo, mkikubali wanafunzi wangu wasimame watazame. Wakakubali. Mguu ukapona.

Mtu mwingine angebaki anamshukuru Mungu na daktari, basi. Douglas alishukuru, lakini aliendelea kujiuliza swali gumu: ingekuwaje kama daktari yule angepita wodi nyingine asubuhi ile? Mguu wa mtoto ulitegemea bahati na ukata wa wazazi. Akiwa waziri mkuu alisema wazi kwamba hataki matibabu yawe jambo la kubahatisha wala la kuonewa huruma.

Na ubondia je?

Mguu uleule ulimbeba hadi ulingoni. Mwaka 1922 alitwaa ubingwa wa Manitoba uzani mwepesi, na mwaka uliofuata akautetea. Alivunjwa pua na kung'olewa meno kadhaa. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, na wapinzani wake wa kisiasa waliompuuza kwa kimo chake walijuta kama mabondia waliowatangulia.

Mchungaji aliingiaje kwenye siasa?

Mwaka 1930, akiwa ametoka Chuo cha Brandon na ameoa mke wake Irma Dempsey mwaka huohuo, alipewa kanisa la Calvary Baptist huko Weyburn, mji wa watu takriban 5,000 kusini mashariki mwa Saskatchewan. Alikwenda kuhubiri. Alichokikuta ni janga.

Bei ya ngano ilikuwa imeporomoka pamoja na uchumi wa dunia. Juu yake ukaja ukame wa miaka. Udongo mkavu uliinuliwa na upepo ukafunika nyua za mashamba na kuingia ndani ya nyumba. Watu waliwavunia ng'ombe magugu ya miiba maana nyasi hazikuwepo. Wenye magari waliyatoa injini wakayafunga farasi, kwa kuwa petroli haikununulika, wakayabatiza jina la waziri mkuu wa nchi, Bennett, kwa kejeli. Mikoa ya pwani ya mashariki ilituma msaada wa samaki wakavu wa chumvi. Watu wa bara hawakuwa wamewahi kuwaona, hawakujua kwamba lazima waloweke kwanza, na utani wao ni kwamba waliishia kuwatumia kuezekea paa. Mpwani yeyote anayejua ng'onda atacheka na kusikitika kwa pamoja.

Mwaka 1931 wachimba makaa ya mawe wa Estevan, mji wa jirani, waligoma. Polisi wakafyatua risasi, wachimbaji watatu wakafa. Douglas alihubiri kuhusu mgomo ule kanisani na kuwapelekea familia zao chakula.

Halafu kuna mazishi mawili. Alisimulia kwamba alimzika kijana mmoja Griffin na mwingine Pangman, vijiji vya karibu na Weyburn, wote wenye umri wa miaka thelathini na kitu, wote wameacha wake na watoto wadogo. Hawakufa kwa ugonjwa usiotibika. Daktari hakuwa karibu, na pesa haikuwepo. Majeneza yao yaligongwa na majirani kwa mbao za kawaida. Mchungaji aliyesimama mbele ya jeneza la namna ile ana mawili ya kuchagua: aseme ni mapenzi ya Mungu, au aseme hapana, haya ni mapenzi ya watu.

Alichagua la pili. Mwaka 1934 akagombea ubunge wa jimbo, akashindwa. Mwaka 1935 akagombea bunge la Ottawa kwa tiketi ya chama kipya cha kisoshalisti, CCF, akashinda. Alikaa Ottawa hadi 1944 aliporudi nyumbani kuongoza chama katika uchaguzi wa Saskatchewan.

Wakulima wenye ardhi yao, tena watu wa kanisani, waliwezaje kuchagua wasoshalisti?

Hili huwashangaza wengi, kwa sababu tumezoeshwa kwamba usoshalisti ni wa wafanyakazi wa viwandani au wa makada wenye vitabu vyekundu. Saskatchewan ulianzia kwenye ushirika. Wakulima wa ngano walichoka kunyonywa na makampuni ya kununua nafaka na ya reli, wakaunda ushirika wao wa kuuza ngano miaka ya 1920, wakajenga maghala yao wenyewe kando ya reli. Mtu aliyekulia kwenye chama cha ushirika cha kahawa kule Kilimanjaro ataelewa: ukishaona kwamba pamoja mnapata bei nzuri zaidi, hatua ya kusema "basi tuwe na hospitali pamoja" si ndefu.

Na Douglas alijua kusema nao. Hakuwapa nadharia. Aliwaeleza juu ya mashine ya kutenganisha krimu na maziwa, ambayo karibu kila nyumba ya shamba ilikuwa nayo. Mkulima yeye anamimina maziwa juu. Mfanyakazi anazungusha mkono wa mashine mpaka jasho limtoke. Kisha yuko bwana wa tatu, hamimini wala hazungushi, ameketi na mrija kwenye bomba la krimu. Wakulima hawakuhitaji kamusi.

Kisa kingine kinachopendwa ni cha siku aliyofika mkutanoni shambani, hakuna jukwaa, akapandishwa juu ya mashine ya kutawanyia samadi. Akaomba radhi kwa wasikilizaji: hii ndiyo mara yangu ya kwanza, akasema, kuhutubia nikiwa nimesimama juu ya sera za Waliberali. (Waliberali ndio waliokuwa wapinzani wake wakuu.)

Tarehe 15 Juni 1944 CCF ilichukua viti 47 kati ya 52. Chini yake ilishinda tena 1948, 1952, 1956 na 1960.

Mbali na afya, serikali yake ilifanya nini?

Mengi kiasi kwamba nitachagua. Ilitunga sheria ya kumlinda mkulima asinyang'anywe nyumba na shamba kwa deni wakati mazao yamemwangusha. Ilianzisha bima ya magari ya serikali, ambayo ipo mpaka leo. Ilianzisha mabasi ya umma yaliyofika vijiji ambavyo mfanyabiashara asingepeleka gari. Mwaka 1947 ilipitisha sheria ya haki za msingi za raia, mwaka mmoja kabla ya Umoja wa Mataifa kutoa Azimio la Haki za Binadamu.

Lakini ukimuuliza mzee wa shamba kule Saskatchewan ni kipi kilichobadili maisha, wengi hutaja umeme. Majira ya baridi kule giza linaingia saa 11 jioni, na nje ni barafu. Kabla ya miaka ya 1950 mama wa shamba alifua kwa mkono, alipasha moto maji juu ya jiko la kuni, watoto walisoma kwa taa ya mafuta. Kampuni za binafsi hazikuona faida ya kuvuta nyaya kwa nyumba moja hapa, nyingine maili kadhaa mbele. Shirika la umeme la jimbo lilivuta, mwaka baada ya mwaka, na wakulima wenyewe wakichangia gharama.

Yapo pia yaliyofeli, na nisingependa kuyaficha. Serikali ilifungua kiwanda cha viatu, cha kutengeneza ngozi, na cha nguo za sufu. Vikala hasara, vikafungwa. Msomaji aliyekulia enzi za mashirika ya umma kwetu hahitaji kuelezwa harufu ya kiwanda cha namna hiyo. Tofauti ni kwamba wao walivifunga mapema. Mkono uliovifunga ulikuwa wa Clarence Fines, waziri wa fedha, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, ambaye kwake deni lilikuwa kama dhambi. Douglas alisema mara nyingi kwamba serikali inayodaiwa na mabenki hutumwa na mabenki. Fines alihakikisha hatumwi.

Bima ya afya ni wazo lake yeye?

Hapana, na hapa ndipo sifa anazopewa huzidi kipimo.

Mwaka 1914, Douglas akiwa bado mtoto wa shule, halmashauri ya wakulima ya Sarnia huko Saskatchewan iliona daktari wao anataka kuondoka kwa sababu hapati kipato. Wakakata shauri: tumlipe mshahara kutoka kodi ya ardhi, na amtibu yeyote. Halmashauri nyingine zikaiga. Huo ulikuwa mpango wa wakulima, si wa chama wala profesa. Vilevile vijiji vilijiunga pamoja kujenga hospitali ambayo kijiji kimoja kisingeiweza.

Douglas alipoingia madarakani alichukua wizara ya afya yeye mwenyewe, na akamwita Henry Sigerist, mtaalamu wa historia ya tiba kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, atoe ushauri. Kuanzia 1945 wastaafu wa kipato kidogo na wajane wenye watoto walitibiwa bure. Mwaka 1946 eneo la Swift Current, kusini magharibi mwa jimbo, likaanzisha mpango wake kamili: kila mkazi anachangia, kila mkazi anamwona daktari. Ulifanya kazi. Kwa hiyo jimbo zima lilipokuja kuambiwa "haiwezekani," lilikuwa na mahali pa kunyooshea kidole.

Kazi ya Douglas ilikuwa kuyaokota haya na kuyafanya sheria ya wote. Si kazi ndogo. Ila ni tofauti na kubuni.

Kwa nini basi bima kamili ilichukua miaka 18, tangu 1944 hadi 1962?

Pesa. Tarehe 1 Januari 1947 Saskatchewan ilianza bima ya hospitali kwa wote, ya kwanza ya aina yake Kanada. Kila mtu alilipa dola 5 kwa mwaka, familia haikuzidi dola 30. Hiyo ililipia kitanda, upasuaji wa hospitalini, dawa za wodini. Haikulipia kumwona daktari ofisini kwake.

Douglas angeweza kutangaza yote siku moja na kufilisika mwaka wa pili. Hakutangaza. Alisubiri Ottawa, na Ottawa ikachelewa zaidi ya miaka 10. Hatimaye, kuanzia Julai 1958, serikali kuu ikakubali kubeba karibu nusu ya gharama za hospitali za majimbo. Fedha iliyokuwa ikimezwa na hospitali ikapumua, na Desemba 1959 Douglas akatangaza redioni kwamba sasa ni zamu ya bima ya kumwona daktari. Uchaguzi wa 1960 ulipiganwa juu ya jambo hilo hilo. Chama cha madaktari kilimwaga fedha kupinga, akashinda.

Mimi huona subira ile ndiyo somo ambalo wanasiasa wanaopenda kumtaja Douglas hawalitaji. Yeye na Fines walitanguliza daftari la hesabu, kisha hotuba.

Madaktari waligoma kweli?

Siku 23. Sheria ilianza kazi tarehe 1 Julai 1962, na siku hiyo hiyo ofisi nyingi za madaktari zikafungwa. Zilibaki huduma za dharura katika hospitali chache. Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza na kwingineko. Raia wa Saskatoon na Regina wakafungua zahanati zao za ushirika.

Hofu ilitanda kweli, tusiifanyie mzaha. Siku ya kwanza ya mgomo mtoto wa miezi 9 alifariki huku wazazi wake wakiendesha gari mji hadi mji kutafuta daktari aliye kazini. Magazeti mengi yalikuwa upande wa madaktari. Kamati za kuwaunga mkono ziliitisha maandamano makubwa mbele ya jengo la bunge mjini Regina tarehe 11 Julai, wakijigamba watu makumi ya maelfu watafurika. Walifika kama 5,000. Kuanzia hapo upepo ukageuka.

Msuluhishi alikuwa Bwana Stephen Taylor, daktari na mwanasiasa wa chama cha Labour kutoka Uingereza. Alizunguka kati ya madaktari na serikali akibeba ujumbe, maana pande mbili hazikutazamana. Tarehe 23 Julai mkataba ukatiwa saini Saskatoon. Madaktari hawakufanywa watumishi wa serikali: waliendelea kuwa na ofisi zao na kulipwa kwa kila huduma, ila aliyelipa sasa ni mfuko wa umma. Ni mapatano ya kutoana jasho, na ndiyo sura ya matibabu ya Kanada mpaka leo.

Wakenya waliopitia mgomo wa madaktari wa siku 100, kuanzia Desemba 2016, huniuliza kama siku 23 ni za kuandikiwa historia. Tofauti yake ni sababu: wa Kenya walidai serikali itimize mkataba iliousaini nao. Wa Saskatchewan waliitaka serikali isiwe na mkataba wowote.

Subiri. Mwaka 1962 Douglas si alikuwa ameshaondoka?

Ndiyo, na watu wengi hawalijui hili. Agosti 1961 alichaguliwa kuongoza chama kipya cha taifa, NDP, kilichozaliwa na CCF pamoja na vyama vya wafanyakazi. Novemba alimkabidhi Saskatchewan Woodrow Lloyd, mwalimu aliyekuwa waziri wa elimu kuanzia 1944 hadi 1960, mtu mkimya asiyejua kuchekesha umati.

Ni Lloyd aliyekuwa kitini wakati wa mgomo. Ni yeye aliyekwenda kwenye mkutano wa madaktari Mei 1962, akazomewa, akamaliza hotuba yake. Angeweza kurudi nyuma na hakuna ambaye angemlaumu, kwani ahadi haikuwa yake. Hakurudi. Mwaka 1964 chama kikapoteza uchaguzi, na Lloyd akafariki 1972 akiwa Korea Kusini kwa kazi ya Umoja wa Mataifa. Waliomshinda, Waliberali wa Ross Thatcher, hawakuthubutu kuifuta bima. Naona haki ingekuwa sanamu mbili, ya Douglas na ya Lloyd.

Nimesikia aliwahi kutetea kuhasi watu. Ni uzushi?

Si uzushi. Tasnifu yake ya shahada ya uzamili, Chuo Kikuu cha McMaster, mwaka 1933, ilitazama familia maskini za Weyburn alizoziona "duni kiakili," na kupendekeza baadhi wafungwe kizazi. Fikra hizo zilikuwa za kawaida kwa wasomi wa siku zile, wa kulia na wa kushoto, lakini kawaida haiwi udhuru. Jimbo jirani la Alberta lilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1928, ikadumu hadi 1972.

Mwaka 1936 alizuru Ujerumani ya Hitler, akarudi ametishika. Alipokuwa waziri wa afya aliletewa mapendekezo ya kufunga kizazi wagonjwa wa akili, akayakataa. Saskatchewan haikupata kuwa na sheria hiyo. Matendo yake yaliikana tasnifu. Yeye mwenyewe, kwa maneno, hakuizungumzia sana, na hapo namlaumu.

Alikuwa mkomunisti?

Hapana. Alikuwa mchungaji aliyeamini kura na bunge, na wakomunisti walimwona vuguvugu. Hiyo haikuizuia polisi ya taifa kumpeleleza kwa zaidi ya miongo 3 na kumfungulia faili la kurasa zaidi ya 1,000.

Na wenyeji wa asili wa Saskatchewan walifaidika?

Kwa sehemu. Mwaka 1946 aliwasaidia viongozi wao kuunda umoja mmoja wa jimbo, na mwaka 1960 serikali yake ikawapa haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo. Baadhi yao waliipokea kwa wasiwasi, wakihofia kwamba kura ni mtego wa kuwafutia mikataba yao na Taji, yaani ufalme wa Uingereza.

Huko Ottawa alifanikiwa?

Kwa hesabu za viti, la. Juni 1962 alishindwa Regina kwenyewe, kwa hasira za bima ileile, ikabidi atafutiwe kiti huko British Columbia. Mwaka 1968 akashindwa tena kwa kura chini ya 150, akarudi kupitia uchaguzi mdogo wa 1969. NDP haikuwahi kushika serikali ya nchi.

Lakini kuna siku moja. Oktoba 1970 wapigania uhuru wa Quebec waliteka nyara watu wawili, na waziri mkuu Pierre Trudeau, baba yake Justin, akatangaza sheria ya hali ya vita. Watu walikamatwa bila mashtaka. Nchi karibu nzima ilishangilia. Douglas alisimama akasema serikali inatumia nyundo kubwa kupasulia karanga. Yeye na wenzake 15 tu walipiga kura ya hapana, wakazomewa kama wasaliti. Leo wengi wa waliozomea wangependa kura yao ihesabiwe upya. Aliacha uongozi wa chama 1971 na ubunge 1979.

Kiefer Sutherland wa filamu ni mjukuu wake kweli?

Ndiyo. Mama yake, Shirley Douglas, mwigizaji pia, alizaliwa Weyburn mwaka 1934 na kufariki 2020.

Mimi naishi Kanada. Kwa nini kadi yangu ya afya ni ya jimbo na si ya nchi?

Kwa sababu ya historia yote uliyoisoma. Tume iliyoongozwa na Emmett Hall, jaji wa Saskatchewan, ilipendekeza mwaka 1964 mpango wa Saskatchewan uenezwe nchi nzima. Bunge likapitisha sheria 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo yote yakawa yamejiunga. Lakini kila jimbo linaendesha bima yake, Ottawa inachangia na kuweka masharti. Ukihama Alberta kwenda Ontario, unabadili kadi. Sheria ya 1984 inakataza daktari kukudai cha juu kwa huduma iliyomo kwenye bima. Meno, miwani na dawa za kununua duka la dawa ni habari nyingine, na wageni wengi hushtuka kwa bili ya kwanza ya jino.

Nikipita Weyburn nitaona nini?

Mji mdogo katikati ya ngano. Kanisa lake la Calvary limehifadhiwa, sasa ni ukumbi wa sanaa wenye jina lake. Hospitali kubwa ya magonjwa ya akili, iliyofunguliwa 1921, imeshabomolewa. Sanamu ya shaba ya Douglas ilizinduliwa mwaka 2010, na aliyeifunua ni mjukuu, Kiefer. Ukibaki na nusu siku, endesha gari hadi Griffin na Pangman. Ni vijiji viwili tu vya barabarani, hakuna kibao kinachotaja majeneza yale.